Usiniambie Kinaona Mwanga, Niambie Kitadumu Siku Ngapi

Wasee, kuna kitu hunikera kwa hizi video za "teknolojia mpya ya ajabu". Kila mtu anataja rekodi, hakuna anayetaja muda. Leo tuongee kuhusu transista za kuhisi mwanga zilizotengenezwa kwa perovskaiti.

Kwa ufupi: mwanga ukiipiga perovskaiti, chaji zinaachiliwa na umeme unapita kwenye transista. Volteji ya geti inaongeza au kupunguza umeme huo, kwa hivyo hata mwanga hafifu unasomeka. Na haihitaji kiwanda cha moto mkali kama silikoni. Unaipaka ikiwa majimaji, unaikausha kwa nyuzi kama 100 hivi, basi.

Shida iko hapa. Ile perovskaiti iliyofanyiwa utafiti sana, ya madini ya risasi na iodini, haipatani kabisa na unyevu. Inatoka rangi ya kahawia iliyokolea inakuwa manjano, na hapo imeharibika. Tena ukiiwekea volteji, ayoni zake zinahamahama ndani kwa ndani. Mwanga ni ule ule, lakini namba ya asubuhi na ya jioni hazifanani.

Mtu ataniambia, "Si hata sola za perovskaiti zilianza vibaya?" Kweli. Mwaka 2009 kikundi cha Tsutomu Miyasaka huko Japani kilipata ufanisi wa asilimia 3.8 tu. Leo seli bora zimepita 26. Na mwaka 2020 watafiti wa sola walitoa makubaliano ya jinsi ya kupima uimara: gizani, kwenye mwanga, kwenye joto, na nje juani. Safi sana.

Lakini paneli ikichoka, umeme unapungua na unajua. Kihisi kikichoka hakikwambii kitu. Kinaendelea kukupa namba, ila ni ya uongo. Fikiria kile kifaa cha kubana kidole hospitalini kinachopima oksijeni kwa mwanga. Siku mtu akitaka kuweka perovskaiti humo, "karibu sawa" itaumiza mgonjwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kupimia ndani ya kisanduku cha naitrojeni si kosa, ni hatua ya kwanza. Ukiishia hapo, usituuzie kama bidhaa. Imulike na uizimie mwanga mara maelfu. Iache chini ya volteji saa nyingi, uangalie kama umeme wa gizani unapanda. Halafu iweke kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, vile paneli za kawaida hupimwa. Hizo ni kama siku 42. Na utuonyeshe zote zilizokufa njiani, si ile moja bora peke yake.

Mtu wa Mombasa haishi ndani ya kisanduku. Kwa hivyo ukiona video nyingine kama hiyo, uliza mawili tu: ilipimwa wapi, na kwa muda gani?