Ulinzi Hodari Hupimwaje?

Watazamaji walio wengi wa mpira wa kikapu huisifu timu inayofungwa pointi chache, wakidhani kwamba hiyo ndiyo yenye ulinzi bora. Katika vyuo vikuu vya Marekani kipimo hicho kimewapoteza wengi.

Timu ya Virginia, ilipokuwa chini ya kocha Tony Bennett, ilitumia ulinzi uliobuniwa na baba yake, Dick Bennett. Mlinzi mmoja humbana mwenye mpira, na wenzake wanne hurudi karibu na kikapu, wakiziba njia za kupenya. Tena Virginia ilishambulia pasipo haraka, ikipasiana mpira hadi muda wa kurusha ukaribie kwisha. Hivyo zamu za kushambulia zilipungua kwa pande zote mbili, na pointi nazo zikapungua. Arkansas ya kocha Nolan Richardson, mabingwa wa mwaka 1994, ilifanya kinyume: iliwasonga wapinzani uwanja mzima, mchezo ukaenda mbio, nayo ikafungwa pointi nyingi bila ya kuwa dhaifu.

Ndiyo maana wajuzi huzigawanya pointi kwa idadi ya zamu, hesabu ambayo kocha Dean Smith aliitumia tangu miaka ya 1950. Aliyefungwa pointi 70 katika zamu 75 amelinda vema kuliko aliyefungwa 60 katika zamu 58. Kwa kipimo hiki pia, Virginia isinyimwe haki yake, ilikuwa miongoni mwa walio bora.

Hata hivyo, ulinzi unaojikusanya karibu na kikapu huwaachia nafasi warushaji wa mbali. Machi 2018, katika mashindano ya ubingwa wa taifa, Virginia iliyopangwa ya kwanza katika kundi lake ilikutana na UMBC, iliyopangwa ya 16. Hadi mapumziko zilikuwa sare, 21 kwa 21. Kisha mitupo ya mbali ikaanza kuingia, 12 kati ya 24 mchezo mzima, na Virginia ikafungwa 74 kwa 54. Jambo hilo halikuwa limepata kutokea katika mashindano ya wanaume. Kweli, De'Andre Hunter alikuwa majeruhi. Lakini pengo la mtu mmoja halielezi pointi 53 za kipindi kimoja.

Wengi walimtaka Bennett auache ulinzi huo. Hakuuacha. Aprili 2019 Virginia iliishinda Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza, ikatwaa ubingwa.