Tindiga: Malalamiko yafikishwe panapostahiki

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.

Ndugu Waislamu, Khawla binti Tha'laba, mwanamke wa Kiansari, alipotamkiwa na mumewe neno la dhihari, hakubaki kunung'unika nyumbani. Alimwendea Mtume (S.A.W.), akaeleza, akajadili, mpaka ikateremshwa Suratul Mujadilah.

Tumemkumbuka kwa ajili ya Tindiga, wilayani Kilosa, ambako mkulima na mfugaji wamegombea ardhi miaka mingi. Mzozo usioamuliwa kwa hoja haukawii kuamuliwa kwa silaha. Katika wilaya hiyohiyo, Disemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni.

Basi tuache kumaliza maneno vibarazani (na vya misikiti vimo). Kila mkazi mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Asiyehudhuria amewaachia wachache shamba la wanawe. Yanayokishinda kijiji, diwani ayapeleke Halmashauri ya Wilaya; ndiyo kazi aliyochaguliwa.

Na wewe mume unayemzuia mkeo asihudhurie, ilhali jembe analishika yeye, umepata wapi hoja baada ya kisa cha Khawla?

Huko mkutanoni tuseme kweli, kama inavyotuamrisha Suratun Nisaa, aya ya 135, hata ikiwa ng'ombe walioingia shambani ni wa ndugu yetu.

Wabillahi tawfiq.