Mastaa na "Bei Njoo DM": Vilaptop vya Laki Nne Vinauzwa kwa Macho

Wiki haipiti bila staa mmoja wa Bongo kuposti kishikwambi au kilaptop kipya. Kucha zimepakwa, taa zinawaka nyuma, na chini maneno ni yaleyale: "Mzigo mpya umeingia, bei chee, njoo DM." Mashabiki wakiuliza bei, kimya. Wakiuliza RAM ngapi, wanajibiwa na emoji ya moyo.

Shida ni kwamba anayefuata tangazo lile si mtu mwenye hela ya kuchezea. Ni mwanachuo aliyeshika boom juzi. Ni dada anayetaka kuanza kudizaini kadi za harusi. Ni mshikaji aliyedunduliza laki nne kwa miezi sita. Akikosea hapo, nyingine hana.

Ukweli usemwe, vifaa vyenyewe si vibaya. Prosesa kama Intel N100, iliyotoka 2023, imepimwa kwa wati 6 tu, wakati nyingi za laptop za kawaida zinaanzia wati 15. Ndiyo maana chaji inakaa, mashine haichemki, na nyingine hazina hata feni. Kwenye mji ambao umeme unaweza kukata katikati ya asaimenti, hiyo si anasa.

Ila wati 6 hizohizo zipo pia kwenye Celeron N4020 ya mwaka 2019, yenye kori 2 badala ya 4. Zote ni Intel, na kwenye picha zote zinang'aa. Ukiuliza tu "ni Intel?" utajibiwa "ndiyo bosi", na utakuwa umeingizwa mjini bila mtu kukudanganya.

Kwenye RAM ndiyo balaa. Windows 11 inataka angalau RAM ya GB 4 na nafasi ya kuhifadhi ya GB 64. Vilaptop vingi vya bei ya chini vinakuja na kiwango hichohicho cha mwisho, tena RAM imechomelewa kwenye bodi, huongezi. Fungua Zoom, Word na tabo kadhaa za Chrome uone inavyoganda. Kwenye vishikwambi mchezo ni mwingine: unaambiwa "RAM 12", kumbe 4 ndizo za kweli na 8 zimeazimwa kwenye memori ya kuhifadhia.

Sinema hii si mpya. Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, kilaptop cha inchi 7, na dunia ikakichangamkia kwa sababu ya bei. Mwaka 2010 ikaja iPad kwa dola 499, na kufikia 2013 Asus na Acer walikuwa wameshaachana na vilaptop vya aina ile. Bei ilikuwa nzuri, lakini kuvitumia kila siku kulikera. Rahisi ghali, wahenga walishamaliza.

Na huko mbele? Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepanda, kwa sababu viwanda vinapeleka memori nyingi kwenye seva za AI. Kiwanda cha kifaa cha bei chee kina njia mbili: kupandisha bei au kubana RAM. Bei ikibaki palepale, shtuka.

Mwenye laki nne afanyeje basi? Kama kazi ni kusoma notisi, kujaza fomu na kutazama masomo, kishikwambi kinatosha. Vile vya Sensa ya 2022 vilifanya kazi vizuri maana kazi yake ilijulikana, na baadaye vikagawiwa walimu. Kama ni kuandika ripoti na kudizaini, laptop ya mtumba yenye RAM GB 8 na prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu inaipita mpya ya GB 4. Chini ya kizazi hicho Windows 11 haikubali rasmi, na Windows 10 ilikoma kupewa huduma Oktoba 14, 2025. Pima betri kabla ya kutoa hela. Chromebook nayo angalia tarehe ya mwisho ya apdeti, kwa sababu miaka haihesabiwi tangu siku uliyonunua.

Mastaa waendelee kupiga matangazo, ni kazi yao na mpunga ni halali. Ila waandike vitu vitatu: bei, prosesa, RAM ya kweli. Mistari mitatu tu, haiharibu picha. Na duka linaloogopa kuandika bei hadharani lina sababu yake, wala sababu hiyo haimfaidii mnunuzi.

Wewe ungechukua kipi kwa laki nne: kipya cha GB 4 au mtumba wa GB 8?