MAUMIVU YA MKOJO SI AIBU. AIBU NI KUFUNGA CHOO

Ndugu Wafanya Kazi,

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo wanaume hawapendi kulitaja hata mbele ya rafiki. Ni maumivu wakati wa kukojoa. Likisemwa mkutanoni, wengine hucheka na wengine huangalia chini. Sisi tunaliandika kwa ajili ya hao wanaoangalia chini, kwa maana ni wengi.

Katika kiwanda kimoja, ambacho jina lake hatulitaji leo, choo cha wafanya kazi kina kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa nyapara. Mtu akitaka kwenda haja ndogo lazima aombe ruhusa, tena aandikwe jina na saa. Akitoka mara mbili kabla ya saa sita huitwa mvivu. Mfereji wa maji ya kunywa uko ng'ambo ya uwanja, na mashine haiwezi kuachwa peke yake. Basi wenzetu wa hapo wamejifunza ujanja wao: hawanywi maji tangu asubuhi, ili wasihitaji choo.

Ndugu yetu mmoja alikaa hivyo muda mrefu. Alianza kusikia moto kila akikojoa. Akanyamaza. Akanunua vidonge vichache dukani, akanyamaza tena. Mwisho alipatwa na homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni, akachukuliwa hospitali, na daktari akamwambia ugonjwa umekwisha panda mpaka kwenye figo. Aliporudi kazini, tajiri alitaka kumkata mshahara, na wenzake wakanong'ona kwamba ameyaleta mwenyewe kwa wanawake.

Tunauliza: katika habari hii, nani anapaswa kuona aibu?

Tajiri husema, "Mkienda chooni kila saa, kazi italala." Lakini kwenda chooni ni dakika chache, na kulala hospitali ni siku nyingi. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule anaijua. Tena tajiri huyo huyo kila asubuhi huhakikisha lori lake limetiwa maji, kwa sababu anajua injini isiyo na maji huungua. Je, mtu ni duni kuliko lori? Na yeye mwenyewe ana choo chake karibu na ofisi, wala hakuna anayemwandikia saa ya kuingia na ya kutoka.

Tueleze jambo lenyewe. Figo huchuja damu, mkojo hushuka na kukaa katika kibofu, halafu hutoka. Ukipita kwa wingi na mara kwa mara, huosha njia. Lakini mtu asiyekunywa maji, hasa anayefanya kazi penye joto, mkojo wake huwa mchache na mzito, wenye rangi ya chai ya rangi. Chumvi zilizomo huweza kugandamana zikawa mawe, na aliyewahi kushukiwa na jiwe hana haja ya kuelezwa maumivu hayo. Na mkojo ukizuiwa kutwa, vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana kibofuni. Madereva wetu wa malori, wa njia ya Mombasa mpaka Malaba, wanayajua haya, na ile chupa iliyo chini ya kiti ni shahidi wao.

Hatusemi kwamba kila maumivu yameletwa na tajiri. La. Mengine ni kisonono au klamidia, na haya hayaponi kwa kunywa maji. Kwa wazee wetu waliopita miaka 50, mara nyingi ni tezi dume iliyokua ikabana njia, hata mkojo ukatoka kidogo kidogo na mtu akaamka usiku mara nyingi. Na kwa wenzetu wa Kwale, Kilifi na Tana River, waliooga au kulima katika maji ya mito na madimbwi, huenda ni kichocho, ambacho alama yake kubwa ni damu katika mkojo. Magonjwa ni mbalimbali, na uchungu ni mmoja. Ndiyo sababu jirani hawezi kukuambia una ugonjwa gani, wala muuza duka hawezi. Dawa ya kichocho si dawa ya kisonono. Lazima mkojo upimwe.

Hapa na sisi tujilaumu. Tunanunua vidonge vinne, tukipata nafuu tunaacha, na vijidudu vilivyobaki hujifunza kuishinda dawa. Kisonono cha leo kimekwisha kuzishinda dawa nyingi zilizokiponya zamani. Tunatibiwa peke yetu tukamficha mke nyumbani, halafu tunaambukizwa upya tukailaumu hospitali. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa hiyo shikeni haya. Kunyweni maji mpaka mkojo uwe mweupe-mweupe. Msiuzuie. Ukiuma, nendeni mpimwe, mmalize dawa yote mliyopewa, na kama ni ugonjwa wa zinaa, mwenzi naye atibiwe. Mkiona damu, au homa na kutetemeka, au maumivu ya ubavuni, au pumbu kuvimba na kuuma, au mkojo kukataa kutoka kabisa, msingoje kesho. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa twarudi kwa tajiri. Maji na choo si zawadi yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimisha kuwapa wafanya kazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inataka vyoo vya kutosha, vilivyo safi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Na mtu aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki, kwa mwaka, ya siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Anayemkata mshahara mgonjwa wa namna hii anavunja sheria.

Basi tunadai:

1. Kufuli ziondolewe vyooni, na daftari la saa za choo litupwe.

2. Maji ya kunywa yawekwe karibu na kila mashine.

3. Awepo mtu wa kushika mashine mwenzake anapotoka.

4. Mambo haya yaandikwe katika mkataba wetu na tajiri, yasiwe ya mdomo tu.

Penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria inataka kamati ya usalama na afya. Kila mwakilishi wa Chama aulize: kamati yetu iko wapi, na ilikutana lini? Kama haiko, atuletee habari. Na akina mama, ambao taabu yao ya choo ni kubwa kuliko yetu, wawe ndani ya kamati hiyo.

Mtu mmoja akiomba ufunguo, nyapara humcheka. Tukienda wote kudai mlango uwe wazi, hatacheka.

UMOJA NI NGUVU.