Ndege Hafuati Mtu, Hufuata Chakula

Umeamka alfajiri. Mitumbwi imerudi mwaloni na dagaa. Umenunua ndoo zako, umewaanika dagaa mchangani, kisha umekwenda nyumbani kupika uji wa watoto. Unaporudi unakuta yangeyange wamejaa. Kunguru wanadonoa. Mwewe anazunguka juu. Dagaa wamepungua, na waliobaki wamechafuliwa na mavi ya ndege. Mnunuzi anakuja, anatazama, anatikisa kichwa. Anakwenda kwa jirani.

Hapo hasira hupanda. Mmoja husema, "Leteni manati!" Mwingine husema, "Tutie dawa ya pamba kwenye samaki wabovu, wale wafe wote."

Ngoja kwanza, ndugu. Hasara yako ni ya kweli, na fedha hiyo ndiyo ada ya mtoto na mafuta ya kupikia. Lakini sumu haitaiponya. Mwezi huu tujifunze jinsi ya kuwazuia ndege wasiharibu mali yetu na nyumba zetu, bila kuwaua na bila kujidhuru sisi wenyewe.

KWA NINI NDEGE WANAKUJA?

Ndege haji kwako kwa sababu anakuchukia. Anatafuta vitu vitatu tu: chakula, maji, na mahali pa kulala au kutaga mayai. Akivipata, atarudi kesho na wenzake. Akivikosa, atakwenda kwingine.

Tazama wale korongo wakubwa wenye kichwa kisicho na manyoya na mfuko unaoning'inia shingoni. Wengi wetu tunawafahamu. Husimama kama wazee wa baraza mahali penye samaki na takataka. Ukiwaona wamekusanyika, tazama chini. Utakuta matumbo ya samaki, vichwa, au mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa. Korongo hula mizoga na mabaki. Sisi ndio tuliowaandalia karamu.

Basi kumbuka neno hili: ndege hafuati mtu, hufuata chakula.

KWA NINI TUSITUMIE SUMU?

Sababu ni nne.

Kwanza, sumu haichagui. Samaki uliyemtilia sumu anaweza kuliwa na mbwa, kuku au bata wako. Mtoto anaweza kumwokota. Ndege aliyekula sumu anaweza asife palepale. Huruka, akaanguka kisimani, shambani au ziwani. Maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Pili, sumu inaharibu biashara ya wote. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria. Sababu ilikuwa habari za watu waliovua samaki kwa sumu. Wavuvi na wachuuzi wa Tanzania, Kenya na Uganda waliumia pamoja, hata wale ambao hawakuwahi kugusa sumu. Mnunuzi akisikia kwamba mwalo wenu una sumu, hatauliza ilikuwa ya ndege au ya samaki.

Tatu, sheria inakataza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda wanyamapori bila kibali, wala kutumia sumu kuwawinda. Ndege wa porini nao wamo.

Nne, kuua peke yake hakumalizi shida. Tuchukue mfano wa Zanzibar. Huko wako kunguru ambao si wale wa kwetu wenye kifua cheupe. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ili wale takataka za mji. Wakazaana, wakavuka mpaka Dar es Salaam na kwingine. Miaka ya 1990 wataalamu walifanya kazi kubwa ya kuwapunguza huko Unguja. Wengi sana waliuawa. Kazi iliposimama, kunguru waliongezeka tena, maana chakula kilikuwa bado kipo.

JINSI YA KULINDA DAGAA

1. Usianike chini. Jenga kichanja cha miti, kiasi cha kimo cha kiuno. Tandika juu yake wavu wenye matundu madogo. Upepo utapita chini na juu, na dagaa watakauka upesi bila mchanga. Dagaa wakikauka upesi, ndege wana saa chache za kuwaiba.

2. Funika kwa wavu. Wavu chakavu wa dagaa unafaa sana. Pinda fito nyembamba kama upinde juu ya kichanja, kisha utandaze wavu juu ya fito. Wavu usiguse dagaa, kwani ukigusa, ndege atadonoa kupitia matundu. Uvute mpaka ukaze kama ngozi ya ngoma. Wavu uliolegea hunasa ndege, naye hufa kwa mateso na kuozea juu ya chakula chako.

3. Pangeni zamu. Watu watano wenye vichanja jirani wanaweza kulinda kwa kupokezana. Mmoja analinda, wanne wanafanya kazi nyingine. Usimtoe mtoto shuleni akalinde dagaa.

4. Fukia mabaki. Chimbeni shimo mbali na maji na mbali na vichanja. Matumbo na vichwa vya samaki vitupwe humo, vifunikwe kwa udongo kila siku. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Mwalo mchafu utakuwa na ndege hata ukiweka nyavu mia.

Jambo hili la nne haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Wewe ukifukia na jirani akatupa, ndege watabaki. Lipelekeni kwenye BMU, yaani kikundi kinachosimamia uvuvi katika mwalo wenu, au kwenye mkutano wa kijiji. Amueni pamoja shimo liwe wapi na nani asimamie.

VITISHO VYA NDEGE

Watu wengi husimamisha sanamu ya mtu iliyovaa shati kuukuu. Wengine hufunga makopo matupu kwenye kamba ili yalie upepo ukivuma, au vipande vya bati ving'aavyo juani. Vitu hivi vinasaidia. Lakini ndege ana akili. Sanamu ikikaa mahali pamoja wiki nzima, kunguru atatua juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo, hamisha sanamu kila baada ya siku mbili au tatu. Mbadilishe nguo. Leo tumia makopo, kesho tumia bati. Na vitisho visiwe peke yake. Vitumike pamoja na wavu na usafi.

Manati hayafai. Jiwe linaweza kumpiga mtu jicho. Ulimbo nao haufai. Hunasa kila ndege, mbaya na mwema, na kumtesa bure.

NYUMBA, SHULE NA GHALA

Ndege wengine hupenda kukaa darini na chini ya paa. Njiwa na jurawa huingia kwenye matundu. Mavi yao huchafua darasa, ghala na zahanati.

Dawa yake ni kuziba matundu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba kwa wavu wa waya, ubao au udongo. Tundu linalopitisha vidole viwili vya mkono linatosha kumwingiza jurawa.

Lakini kabla ya kuziba, chungulia ndani. Kama kuna makinda, subiri wiki chache mpaka waruke. Ukiziba upesi, makinda watafia ndani, watanuka, na funza watawaangukia wanafunzi. Makinda wakishatoka, ondoa kiota siku hiyohiyo na uzibe.

Ukisafisha mavi ya ndege yaliyokauka, usifagie makavu. Vumbi lake linaweza kudhuru mapafu. Funga kitambaa puani na mdomoni, nyunyiza maji, ndipo ukwangue. Kisha nawa kwa sabuni.

Je, unakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati? Mavi ya ndege yaliyo juu ya bati huingia tangini. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, maji hayo yamwagike chini. Kinga yanayofuata. Funika mdomo wa tangi kwa wavu wenye matundu madogo, na maji ya kunywa uyachemshe.

Si kila ndege wa nyumbani ni adui. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, pamoja na wale inzi wa ziwani wanaopanda hewani kama moshi. Kama kiota chake kiko juu ya mlango, pigilia kipande cha ubao chini yake kipokee mavi. Bundi naye hula panya wanaomaliza mahindi ya ghala lako. Haleti kifo. Mwache afanye kazi.

VIFARANGA NA MWEWE

Mwewe hupenda vifaranga wadogo. Usiwaachie wazi. Wafunike kwa tenga kubwa mchana, au wakae bandani na mama yao kwa wiki sita mpaka nane za kwanza. Chakula na maji ya kuku viwe chini ya paa, ndege wa porini wasivishiriki. Hii inazuia hasara, na inazuia magonjwa pia.

Mwezi Januari 2017 ndege wa porini walikufa kwa wingi kwenye ufuo wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, Uganda. Wataalamu walipima, wakakuta ni mafua ya ndege. Ziwa letu ni moja, na ndege hawana mpaka. Ukikuta ndege wengi wamekufa, usiwashike kwa mkono mtupu, usiwale, usiwape mbwa. Mwambie ofisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa kijiji upesi.

KWELEA KWELEA

Hawa ni habari nyingine. Huja kwa makundi makubwa mno kwenye mpunga, mtama na uwele. Nguvu za mtu mmoja haziwawezi. Ukiwaona wanaanza kutua, toa taarifa mapema kwa ofisa kilimo. Usinyunyize dawa kwa kubahatisha.

MANENO YA MWISHO

Ndugu msomaji, ziwa hili linatulisha sisi na linawalisha ndege. Hatuwezi kuwamaliza, wala hatuna haja ya kuwamaliza. Tunachotaka ni dagaa safi, nyumba safi na vifaranga wazima. Anza na jambo moja wiki hii: tazama ni chakula gani kinawaita ndege mahali pako. Kiondoe au kifunike. Kisha hesabu wamebaki wangapi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ndege hutafuta vitu gani vitatu?
2. Kwa nini wavu wa kufunika dagaa lazima ukazwe?
3. Mtu akitia dawa ya pamba kwenye samaki mwaloni, nani wanaweza kudhurika? Taja watatu.
4. Katika mwalo wenu au kijiji chenu, mabaki ya samaki hutupwa wapi? Mnaweza kufanya nini mwezi huu?

Msomee jirani asiyejua kusoma. Tukutane mwezi ujao.