Lebo za Wadudu Wetu Tuzisome Wenyewe

Mwanasayansi wa Sweden, Yngve Sjöstedt, alizunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906 akikusanya wanyama, wengi wao wadudu. Mbawakawa, panzi na vipepeo wale walisafirishwa hadi Stockholm, kwenye makumbusho ya viumbe. Kila mmoja amechomwa pini, na kwenye pini hiyo hiyo, chini ya mdudu, kuna kikaratasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Vingi vimeandikwa "Kibonoto".

Mchaga yeyote, na Mtanzania yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kifua kikuu, anajua hapo ni Kibong'oto, penye hospitali ya ugonjwa huo. Mtu wa kujitolea aliyeketi Chicago, anayeisoma lebo hiyo kwenye intaneti, atajuaje?

Nilifundisha baiolojia sekondari hadi nikastaafu, na kwa macho yangu kazi hii ya kusoma lebo ni ya wanafunzi wetu na wazee wao.

Makumbusho makubwa yana wadudu wengi kupita uwezo wa wafanyakazi wake. Ya London peke yake yana zaidi ya milioni 30. Kwa hiyo mdudu hupigwa picha pamoja na lebo yake, picha ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wakaandika wanachokisoma: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Australia walianzisha mpango wao, DigiVol, mwaka 2011. Wa Marekani uitwao Notes from Nature ukafuata 2013. Mara nyingi lebo moja husomwa na watu kadhaa, kisha majibu yao yakalinganishwa.

Kulinganisha kunasaidia mmoja akikosea herufi. Hakusaidii kitu ikiwa wote hawapajui mahali penyewe. "Ngare na nyuki" ya Sjöstedt ni Ngarenanyuki ya Meru. Hiyo ni rahisi. Lakini chukua "Nguelo", jina linaloonekana kwenye lebo za Kijerumani kutoka Usambara. Ukilitafuta kwenye ramani ya leo utaangukia kata ya Ngwelo, Lushoto, wakati Nguelo ya Wajerumani ilikuwa shamba la kahawa upande wa Amani, Usambara Mashariki. Hapo mdudu wa msitu mmoja amehamishiwa mlima mwingine, na mtafiti anayetaka kujua kama bado yupo anakwenda kumsaka asikokamatwa kamwe. Mzee wa Muheza anayeyajua mashamba ya zamani angelimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Na wazee hao wanazidi kutuondoka.

Wapo watakaosema wadudu warudishwe kwanza. Dai hilo ni la haki, nami naliunga mkono. Ila taarifa zilizo kwenye lebo hazina sababu ya kungoja hadi mdudu mkavu, ambaye mguu wake hukatika kwa kuguswa tu, apandishwe ndege.

Makumbusho ya Stockholm, na ya Berlin waliko wadudu wa Wajerumani, yatutengee picha za Kilimanjaro, Meru na Usambara, maelekezo yawe kwa Kiswahili. Wizara ya Elimu ikubali kazi hiyo ihesabiwe kuwa mradi wa somo la baiolojia. Mwanafunzi asome lebo Ijumaa, aende nayo nyumbani kwa babu au bibi, arudi Jumatatu na jibu. Na jina lake liingizwe kwenye kumbukumbu za mdudu huyo, kama lilivyoingizwa la Sjöstedt.