Kuandikwa Shuleni si Kusomeshwa

Aliyezoea joto la Mombasa akifika Kericho hushangazwa na mambo mawili: majani ya chai yasiyokuwa na mwisho, na mvua inyeshayo alasiri kana kwamba imeweka ahadi. Siku moja mvua hiyo ilinikuta ndani ya darasa la shule ya msingi, kando ya shamba la chai, njia ya kwendea Bomet. Ilipoanza kupiga mabati, sauti ya mwalimu ilizama. Watoto wakabaki kumtazama midomo. Mwalimu akaweka chaki chini, akangoja.

Mbele, karibu na dirisha, alikuwa mtoto asiyesikia vizuri. Kwa wenzake ile ilikuwa shida ya robo saa. Kwake yeye mvua hainyamazi mwaka mzima. Tofauti ni kwamba mvua yake hakuna aisikiaye, basi hapana angojaye. Miaka miwili alikuwa amekalishwa nyuma. "Mzee," mwalimu aliniambia, "tulimwita mkaidi, kumbe hasikii."

Msomaji, sheria hazikosekani. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi Januari 2003. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yampa kila mtoto haki ya kusoma, na sera ya 2018 yataka wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Vituo vya kuwapima watoto vilianzishwa tangu 1984 kwa msaada wa Denmark, na taasisi ya KISE iliyoanzishwa 1986 hufunza walimu kazi hii. Fundo basi liko wapi?

Fundo liko njiani, baina ya shamba na kituo. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Siku ya kumpeleka mtoto mjini ni siku ya kikapu kitupu, na nauli juu yake. Mama huahirisha, na mtoto ambaye hakupimwa hubaki na jina alilopewa na darasa: mvivu, mjinga, mkaidi.

Wako wasemao kwamba shule maalumu zipo. Naam, hata kwetu Pwani twaijua Kibarani ya viziwi kule Kilifi, na Tom Mboya ya Mombasa kwa wenye ulemavu wa viungo. Asiyesikia kabisa ana haki ya kuwa mahali ambapo kila mtu azungumza lugha ya ishara, lugha iliyotambuliwa na Katiba ya 2010. Lakini wa nusu sikio, au achelewaye kusoma, hahitaji bweni. Ahitaji kiti cha mbele, mwalimu asiyezungumza huku ameuelekea ubao, na mwenziwe wa kumwonyesha ukurasa.

Kwetu sisi hilo si geni. Katika chuo cha zamani huyu yuko kwenye alifu, yule amefika juzuu ya Amma, na mwalimu humsikiliza kila mmoja kwa somo lake, wakubwa wakiwasomesha wadogo. Sisemi chuo kilikuwa kamili, kwani bakora haikumwuliza mtoto kama amesikia. Lakini hakikudai watoto arubaini wafungue ukurasa mmoja siku moja. Darasa la leo ladai hivyo, kisha lamlaumu aliyebaki nyuma.

Kule Kericho na Bomet nimeona mzani wa majani ya chai ukipelekwa karibu na mchumaji, kwani mwenye chai hataki kilo moja ipotee. Kipimo cha masikio na macho nacho kipelekwe vivyo hivyo, hadi mlangoni mwa shule, siku ambayo mama hatapoteza ujira wake. Na mwalimu aliyefunzwa kazi hii asiachwe peke yake na darasa lililofurika. Jina kwenye daftari la mahudhurio ni mwanzo tu. Mtoto yule alikuwa akiitika jina lake kila asubuhi kwa miaka miwili, na somo likimpita.